Manousos Alipopita Bila Kusimama

Huku kwetu Krete, mtu akipita mlangoni pako bila kusimama, basi mna ugomvi au kafiwa. Na Manousos, jirani yangu, hajawahi kugombana na mtu. Mdomo wake una kazi nyingine, nayo ni kula.

Binti yake, Rodanthi, ana nyumba ya wageni, na mzee ndiye huwapeleka wageni ngomeni, kule juu, wakatazame jua linavyozama baharini. Tangu afiwe na mkewe, hana furaha nyingine. Wanaondoka vizuri tu. Ila kila mlango wanasimama: kwa jirani yetu Eirini, jibini na asali. Kwangu, konokono wa kukaanga na kijiglasi cha raki, pombe yetu kali. Kwa padri, vijiglasi viwili. Msimu mzima hakuna mgeni aliyeiona hiyo ngome. Giza likiingia wanarudi wakiimba.

Rodanthi akachoka. "Baba, leo wasipofika, kesho natafuta mtu mwingine. Wewe utabaki jikoni unamenya vitunguu."

"Yaani niwapite watu milangoni kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, Baba."

Jioni ile nikamwona anakuja, kichwa chini, wageni nyuma yake. Konokono wangu walikuwa motoni.

"Manousos wee! Karibu!"

Hata shingo hakugeuza. Nikaingiwa na hofu, nikatoka mbio hadi kwa Eirini.

"Na wewe kakupita?"

"Kanipita, shoga! Jibini hakulitupia hata jicho!"

"Basi ni Rodanthi, hana mwingine. Mtoto wa watu katutoka!"

Tukaangua kilio. Kijiji kizima kikatoka, kila mtu na chungu chake, maana msibani hatuendi mikono mitupu. Tukamkuta marehemu mlangoni, anafagia.

"Jamani, mnamlilia nani?"

"Wewe!"

Nilipomweleza, alicheka hadi ufagio ukamtoka mkononi. Kisha akaacha kucheka, akachukua chungu kimoja, akatangulia kupanda mlima.

Ngomeni, wageni walikuwa wanalitazama jua, matumbo yananguruma. Manousos alikuwa kajitenga juu ya jiwe, anatazama viatu vyake. Alipotuona akaruka.

"Nani kafa?"

"Mimi, Baba," Rodanthi akasema, akamkumbatia. "Kesho anza safari asubuhi, upate kusimama kwa kila mtu."

Mzee alikwisha kufunua chungu changu.