Bondia wa Kiitaliano na Mizani ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa ananunua alizeti Majengo, nami nilikuwa mpimaji wake. Mizani yetu ilikuwa na tabia moja: kila gunia la mkulima lililopanda juu yake lilipoteza kilo mbili. Mjomba alijua, mimi nilijua, na kila Jumapili tuliimba kanisani kwa sauti kubwa.

Ndipo akaja Mtaliano. Alikuwa fundi wa pampu za maji, amepanga Miyuji, na kwao alikuwa bondia wa ridhaa wa uzito mwepesi. Habari zake za ulingoni alitusimulia bila haya: alipigwa mara nyingi, akashinda mara chache, mojawapo kwa sababu mpinzani aliumwa tumbo. Sasa alikaribia miaka arobaini, umri ambao ngumi za ridhaa zinakufungia mlango, na alitaka pambano moja la mwisho, Chamwino. Sharti lilikuwa asizidi kilo sitini.

Kila jioni alikuja stoo kwetu, akavua viatu, akapanda mizani.

"Soma, mdogo wangu."

"Hamsini na tisa na nusu, kaka."

Basi alifurahi huyo! Alivuka barabara kwenda kujipongeza kwa chapati mbili.

Nilitaka kumwambia. Lakini kumwambia bondia kwamba ana kilo sitini na moja na nusu ni kuwatangazia wakulima wote kwamba sisi ni wezi. Nikajifanya bubu. Nilijipa moyo kwamba mazoezi yatamkausha.

Siku ya pambano nilimsindikiza, na mizani ya Chamwino ikasema sitini na moja na nusu. Akavua fulana. Akavua pete ya ndoa. Akavaa koti la mvua, akaruka kamba juani mpaka midomo ikapauka, na muda ukaisha akiwa bado amezidi. Waamuzi wakafuta jina lake. Mtu mzima akakaa vumbini akalia, na moyo uliniuma kweli.

"Mizani yenu mbovu!" akawaambia. "Majengo napimwa kila siku. Waambie, mdogo wangu!"

Watu wakanigeukia. Miongoni mwao walikuwemo wakulima niliowapimia magunia wiki ileile. Mama mmoja alinitazama bila kupepesa.

Kusema kweli kungekuwa kwepesi. Nilihitaji maneno mawili tu: samahani, kaka.

"Ni kweli, hii ndiyo mbovu," nikasema. "Ya kwetu haina shida."

Yule mama akacheka puani, akaondoka zake. Mtaliano hakumwona, maana alikuwa amenikumbatia.

Kabla ya kurudi kwao alileta glavu zake stoo. Alisema anamwachia mtu pekee aliyemtetea Chamwino. Nilizipokea kwa mikono miwili.