Mtani Asiyedai Kuku

Mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na saba, kiwanda kiliacha kutulipa. Mke wangu alikuwa amekufa, mtoto hatukupata. Majirani wa kambi ya wafanyakazi walihama mmoja mmoja. Mchana nilivunja mawe machimboni Kakontwe. Jioni sikuwa na wa kusema naye. Basi nikaanza kufuata vilio. Niliposikia wanawake wanalia, niliingia, nikakaa na wanaume kwenye moto. Nilidhani msibani haulizwi mtu.

Siku moja nikaulizwa. Mzee mmoja alinisimamia kichwani: "Weye papa, uko nani wa marehemu?"

Siku zile sufuria za msibani ziliibwa, na mwizi alipigwa mpaka anyamaze. Wanawake walikuwa wanamlilia marehemu wakimwita mtoto wa ukoo wa Udongo. Nikajibu: "Miye mtani wake. Yeye Udongo, miye Mvua."

Mvua! Mimi si wa ukoo wa Mvua hata kidogo.

"Aksanti Mungu!" mzee akasema. "Batani bote balikimbia hapa Likasi. Twende."

Kwetu mtani ndiye anashuka kaburini kwanza, analala mle, anamtukana marehemu. Makaburini nikashuka. Udongo ulikuwa baridi. Juu, wanaume na majembe yao wananitazama. Marehemu sikumjua hata sura.

"Weye Udongo!" nikapaza sauti. "Umeona mshahara umekwisha, ukakimbia ukituachia foleni ya unga! Mwoga!"

Wanaume wakatazamana. Nikajisemea nimekwisha. Halafu mwanamke akacheka huku analia. "Ni yeye kabisa! Mwoga huyo!" Alikuwa dada wa marehemu. Watu wote wakacheka. Nikapanda upesi.

Tulipokuwa tunanawa mikono yule dada akanisogelea. "Weye si Mvua."

"Nani kasema?"

"Mvua wa kweli angelala mule mpaka nimupe kuku. Weye ulitoka bure, kama mutoto aliyetumwa chumvi."

Wenye majembe walikuwa nyuma yake palepale. Angeita tu. Nikamkazia macho, kuomba sikuzoea. Akawatazama wale, akanitazama mimi.

"Ndugu yangu ndiye nilikuwa naye peke yake," akasema. "Kesho tunavunja kilio, na mtani sina mwingine. Kuja. Na udai kuku."

Nilikwenda. Nilidai wawili. Akanitupia mmoja kifuani, akiniita mlafi mbele ya watu. Baada ya mavuno nilimwoa.

Leo nina nyumba ya matofali, mashine ya kusaga mahindi, baiskeli, shamba, mbuzi, na viti vya plastiki vya kuazima watu wenye kilio. Vile sikodishi.