Bibi Hakuhesabu Watoto

Harufu ya moshi ilinipokea mlangoni kabla sijamwona mama mmoja mzee. Ilitoka kwenye viatu vyake vya ngozi iliyokaushwa kwa moshi, vilivyokaa dirishani, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mjini Coon Rapids, Marekani. Mama huyo ni Mkree, wa wenyeji wa asili wa misitu ya Kanada. Nilikuwa na fomu ya kumwandikisha mkononi. "Una watoto wangapi?" nikamwuliza. Akanitazama kama mtu anayepima unene wa barafu kabla ya kukanyaga. "Nani anataka kujua?" Miguu yangu, ambayo haijatulia popote tangu niondoke Kongo, ikasimama. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu, mzaa baba.

Ulikuwa msimu wa mavuno huko Kongo, nikiwa mtoto, mahindi yamepangwa darini juu ya moto, na moshi umetuingia hadi kwenye nywele. Kwetu watoto hawahesabiwi. Anayehesabu, bibi alisema, anataka kupunguza. Wengine wakisema mgeni njoo mwenyeji apone, yeye alinong'ona, "Kwanza tumwone amebeba nini." Mwaka huo mgeni alibeba daftari. Alikuwa mwalimu wa misheni, na chifu alikuwa ameagiza kila nyumba yenye wavulana zaidi ya wawili itoe mmoja kwa shule ya bweni, ng'ambo ya milima. "Mama, uko na watoto wangapi hapa?" Bibi hakuacha kupukuchua. "Wapo." "Wapo wangapi?" "Nani anataka kujua? Mungu anawajua, na yeye hana daftari." Mwalimu akacheka, akanigeukia mimi. Nilikuwa na miaka sita, nimetoka kujifunza kuhesabu kwa magunzi, na hakuna aliyewahi kuniomba nionyeshe. "Saba!" nikasema. "Wavulana wanne!" Mkono wa bibi ulisimama juu ya gunzi. Mdomo huponza kichwa, lakini mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha kaka yangu Elia.

Lori lilimchukua wiki hiyo hiyo. Aliporudi Krismasi, amenyolewa, amevaa viatu, alisimama nje ya mlango wetu akabisha hodi. Nyumbani kwao! Bibi hakusema karibu. "Mwenye nyumba habishi hodi," alisema. Elia alikula akiwa amekaa ukingoni mwa kigoda, kama anayesubiri kuitwa. Likizo iliyofuata hakuja.

Nilimsimulia yule mama mzee yote haya. "Kwetu watu wa shule ya bweni walikuwa wakija kwa boti, mwisho wa kiangazi," akasema. "Mama alikuwa akitupeleka mbali tukachume matunda, kila mwaka, mpaka waondoke. Mwaka mmoja boti iliwahi."

Mimi nimehesabiwa kambini kwa wakimbizi, uwanja wa ndege, kliniki, na kila nyumba niliyopanga. Watoto wangu wanajaza fomu za shule wenyewe, haraka, kwa simu. Wakiniona nasitasita wananicheka: "Mama, it's just a form, ni fomu tu!" Labda. Hata daftari la mwalimu lilikuwa na jalada zuri la bluu.

"Na wewe," mama mzee akauliza, "una wangapi?"

"Wapo," nikasema.

Akavisogeza viatu vyake pale dirishani, nikapata mahali pa kukaa. Nafasi ya idadi ya watoto kwenye fomu yake bado ni tupu.