Kiroboti Kilichokosa Marahaba

Jamani, leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze.

Mnakijua kile kiroboti cha matairi tulichoazimwa hapa shuleni Mbulu. Ukitaka kifanye kazi unachora maduara kwenye kompyuta. Kila duara ni kitendo, na mshale unakiambia lini kihamie duara lingine.

Paskalina wa kidato cha pili alichora mawili: AMKIA, halafu TEMBEA.
Mshale katikati: kikisikia "marahaba".
Basi.

Akaingia mgeni rasmi, mwenye kuamua kibaki kwetu au kipelekwe shule ya Basotu.

"Shikamoo," kikasema.
Mgeni akatikisa kichwa tu, macho kwenye simu.
"Shikamoo."
Anabonyeza simu.
"Shikamoo."

Jasho linanitoka na baridi yote hii! Ningeitikia mimi, ningekuwa nimempokonya mgeni shikamoo yake mbele ya watoto.

Nikainama, nikanong'ona, "Mzee, kinasubiri uitikie."
"Mwalimu! Mimi niitikie mdoli?"

Akageuka, akaondoka. Kesho kinaenda Basotu.
Na chenyewe kinaendelea kuuamkia mgongo wake mpaka mlangoni!

Nikamgeukia Paskalina kwa hasira. Kwa nini hukuchora mshale wa mtu asiyeitikia?

Akanitazama, machozi yanamlengalenga.
"Mwalimu, kwani kuna mtu mzima asiyeitikia shikamoo?"

Nimjibuje, jamani? Bado amesimama hapa, anasubiri.