Aliyemchukua kaka yangu aliitikia salamu ya mama

Wakuu, poleni na majukumu.

Hii siyo chai ya kutunga, anayetaka chai nyuzi zake zimejaa humu. Mtanivumilia uandishi.

Kaka yangu, nimwite Elia, alikuwa anaishi na mama Kumsenga, kule Kibondo. Sisi ni Waha, ila babu zetu walitoka Burundi. Uraia tunao, lakini ukibishana kidogo tu na mkubwa unaambiwa rudi kwenu. Elia na wenzake walikuwa na kikundi cha kutetea watu wanaonyang'anywa mashamba kwa maneno hayo hayo.

Nilimwambia, kaka, punguza mdomo. Akacheka.

Asubuhi moja ikaja gari nyeupe haina namba. Wakashuka wanaume wamevaa kofia na miwani nyeusi.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Mnaowajua Waha mnajua, salamu kwetu ni ibada. Hata hajajua hao ni akina nani, akaweka ungo chini, akapiga makofi yetu yale ya taratibu: "Mwakeye!"

Mmoja wao akainama, akapiga makofi, akaitikia: "Mwakeye, mama."

Jamani, ilimtoka tu. Wenzake wote wakamgeukia.

Halafu wakambeba Elia. Kandambili yake moja ikabaki mlangoni.

Tumeuliza kituo cha Kibondo, hayupo. Kasulu, hayupo. Askari mmoja akatuambia labda hao walitoka mbali, Dar huko. Mama akamjibu, "Baba, wa Dar nani kamfundisha makofi?"

Tangu hapo mama yuko kwangu Kasulu. Siku za soko anakaa karibu na stendi, anasalimia kila mwanaume anayepita. Anatafuta ile sauti. Namwambia mama, watakubeba na wewe! Hasikii. Mimi gari nyeupe ikipunguza mwendo tu, naingia ndani nafunga mlango.

Juzi kapita mmoja, kofia usoni. Mama akapiga makofi.

Wakuu, pale wanaitikia wote, hata walevi! Huyu akainamisha uso, akaongeza mwendo.

Mama akapaza sauti stendi nzima ikasikia: "Mwanangu! Sikuulizi kingine. Niambie tu kama anakula!"

Yule mtu akasimama. Hakugeuka. Kisha akapanda bodaboda, akaondoka.

Mama anasema, "Amesimama. Angekuwa amemuua asingesimama." Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba sasa yule mtu anajua mama anakaa wapi, na usingizi sipati.

Nilichojifunza ni kwamba tunawaita "watu wasiojulikana", kumbe kuna mama huku huku kwetu aliwafundisha salamu.

Karibuni mchangie, ila PM sifungui, naogopa.

Na wewe wa kofia, kama unapita humu, jibu hapa chini kwa ID yoyote. Sitakuuliza jina. Andika neno moja tu nikamsomee mama: anakula.