Sentensi Niliyoiongeza Iliua Mtu Mwanda

Wenye ukurasa huu wameniahidi kuficha jina langu, na majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka themanini na minne. Nilikuwa mwalimu wa sayansi huko Mwanda, na daktari wa Voi ameniambia wazi kwamba moyo wangu hautafika mavuno. Kwa karibu miaka thelathini nimeficha jambo moja: mtu alipigwa hadi kufa kwa sababu ya sentensi niliyoisoma kwenye jarida, na sentensi hiyo haikuwemo.

Miaka ya tisini nilikuwa nikitumiwa jarida la Kiingereza lenye habari za utafiti mpya. Kila Jumapili baada ya ibada nilisimama barazani pa duka nikawasomea watu kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja ulikuwa wa dumuzi anayetoboa mahindi ghalani, mwingine wa vyandarua vilivyotiwa dawa, mwingine ukisema ndovu huitana kwa sauti ambazo masikio yetu hayazipati. "Mwalimu, wiki hii wamegundua nini?" wazee waliniuliza hata kabla ya salamu. Niliipenda sauti hiyo kuliko mshahara.

Lakini nilikuwa na tabia moja. Jarida likiandika "huenda", mimi neno hilo nililiruka. Mkulima aliyepanda mlima kwa miguu hataki kusikia huenda.

Kisha akarudi Mwakio, niliyemfundisha mwenyewe. Alikuwa amepata kazi na watafiti wa panya kule chini, kutega mitego na kusafisha mifupa. Jumapili moja akachungulia jarida juu ya bega langu. "Mwalimu, hapa pameandikwa huenda. Wewe umesema ni kweli." Akafungua ukurasa wa pili. "Na hapa. Na hapa pia! Jamani, mwalimu wetu anatafuna huenda kama njugu!"

Watu walicheka mpaka mwenye duka akajishika mbavu. Tangu siku hiyo nikipita sokoni akina mama waliniuliza, "Mwalimu, leo umeshiba huenda?" Nilicheka pamoja nao. Ndani nilikuwa nachemka.

Kwa wasiotujua: zamani sisi Wadawida wa milima ya Taita tuliyafukua mafuvu ya wazee wetu na kuyapanga kwenye mapango, kila ukoo na mahali pake. Hata aliyebatizwa hakufanya mchezo na mahali hapo. Mwaka ule mvua ilikataa, wazee wakaenda pangoni kuomba, wakakuta fuvu moja halipo.

Jumapili iliyofuata jarida lilikuwa na habari fupi kwamba mifupa ya kale huenda ikaonyesha magonjwa yaliyowaua watu wa zamani. Nikaisoma bila huenda, kama kawaida yangu. Nikainua macho, nikamwona Mwakio nyuma ya watu, mfuko wake wa turubai begani, anatabasamu. Nikayarudisha macho kwenye karatasi, nikaendelea kama anayesoma: "Watafiti wananunua mafuvu ya milimani, na wanawatumia vijana wenyeji kuyachukua."

Shingo zote ziligeuka.

"Mwakio, fungua mfuko," mzee mmoja akasema.

"Ni panya tu, baba zangu."

"Fungua!"

Waliupasua. Vijifupa vyeupe vikamwagika kwenye vumbi, na mtu akapiga kelele, "Mifupa!" Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili ilimvunja mkono alioinua kujikinga. Alipoanguka, walimkanyaga kama watu wanaozima moto. Alinitafuta kwa jicho moja, lile lingine lilikuwa limeshafunikwa na damu, akasema huku akitema meno, "Mwalimu, soma tena! Soma ilivyoandikwa!"

Mkewe, Mshai, mtoto mchanga mgongoni, alining'ang'ania koti. "Wanakusikiliza wewe, mwalimu! Sema neno moja tu!"

Nililikunja jarida mara nne nikalitia mfukoni.

Mtu wa rika langu, tuliyeketi naye benchi moja kanisani asubuhi ile, alilibeba kwa mikono miwili jiwe la kuzuia mlango wa duka, akalibwaga juu ya kichwa cha Mwakio. Ule mlio sijaacha kuusikia. Miguu yake iliendelea kurusha vumbi kwa muda, kama mtu anayekimbia. Polisi walipofika, hakuna aliyekuwa ameona kitu. Hata mimi.

Yule mtoto wa mgongoni, Wakesho, leo ni muuguzi. Ndiye anayekuja kunidunga sindano. Huniita babu, hunipashia uji, hunifuta kinywa. Amekua akiitwa binti wa mwizi wa mafuvu. Mama yake amefariki, na wazee wa ukoo wamesema Mshai hatazikwa karibu na mumewe mpaka Wakesho apige magoti Jumamosi hii mbele ya ukoo wote, akiri kwamba baba yake aliiba.

Jana, akiwa ameushika mkono wangu akitafuta mshipa, aliniambia, "Babu, nitapiga magoti. Mama amelala mochari siku tisa. Lakini wewe ulikuwepo. Baba yangu aliiba kweli?"

Nikamjibu, "Huenda."

Nishaurini, wanangu. Nibebwe Jumamosi nikaseme mbele ya ukoo, nikijua hasira ya watu hawa inavyofanya kazi, na wanangu na wajukuu wangu wanaishi kati yao? Au nimwache apige magoti, nife kimya?

Ila msinishauri kabla hamjajua yote. Nilitamani kuandika utafiti wangu mwenyewe, niupeleke kwenye jarida lile, ili Jumapili moja niwasomee watu jina langu. Nilihitaji kitu cha kupima. Siku Mwakio alipouawa, fuvu lile la pangoni lilikuwa kabatini mwangu, limefungwa kwenye shati langu. Limo hadi leo.