Gololi Juu ya Pipa la Yoro

Mwalimu Jainaba Sabally alisimamia kituo chetu cha kura miaka kumi na tisa, na watu waliliogopa sikio lake kuliko polisi wa langoni. Unaingia nyuma ya pazia, unatumbukiza gololi kwenye pipa la mgombea wako, na kengele iliyo ndani ya pipa inalia. Isipolia, Jainaba anakurudisha: "Haijaingia hiyo, rudi!" Kwa ajili yake baiskeli zilipigwa marufuku kukaribia kituo, maana kengele zake hulia vilevile.

Mimi nilikuwa karani wake, nikishika orodha. Mpiga kura wa mwisho siku ile alikuwa Bibi Penda Jawo, kiziwi tangu utotoni, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kulima mpunga. Yeye na Jainaba walikuwa na mapatano ya miaka mingi: bibi anachungulia juu ya pazia, na kengele ikilia Jainaba anamwitikia kwa kichwa. Kengele ikalia. Jainaba akaitikia, bibi akatoka.

Tulipofungua pazia, juu ya pipa la Yoro, mmoja wa wagombea, palikuwa na gololi. Haikuwa imeingia, na kwa sheria yetu, gololi iliyo nje haihesabiwi. Tulihesabu kwenye trei za matundu, kila gololi tundu lake, tukarudia, tukarudia tena. Mpinzani wake, Tombong, alikuwa amemshinda Yoro kwa kura moja.

Nilimfuata Jainaba nje. Langoni alisimama mumewe Saikou na baiskeli yake, bakuli la domoda, mchuzi wetu wa karanga, limefungwa nyuma.

"Tangu alfajiri hujala, Mwalimu. Nimepiga kengele, hukunisikia?"

Jainaba alinitazama, nami nikatazama chini. Hatukusema neno, si yeye wala mimi. Naona aibu hadi leo.

Yoro alikwenda mahakamani. Bibi Penda naye akazunguka kijiji kizima akisema ile gololi ni yake, kwamba hakuhisi ikishuka lakini Mwalimu alimwitikia. Vijana wa Tombong walimcheka usoni. "Bibi, Yoro amekulipa mchele kilo ngapi?" Hakusikia maneno, ila kicheko alikiona. Aliacha kwenda kisimani.

Asubuhi ya ushahidi, Saikou alimshika mkewe mkono barazani mwa mahakama.

"Wewe, usinitie ndani kwa bakuli la domoda."

"Ungeniacha na njaa yangu, Saikou."

"Kazi utapoteza. Na heshima."

"Na Penda je?"

Saikou akamwachia mkono.

Wakili wa Tombong alikuwa na sauti ya asali. "Mwalimu, mpiga kura wa mwisho ulimwitikia kwa kichwa?"

"Nilimwitikia."

"Na wewe huitikii mpaka kengele ilie. Miaka kumi na tisa hujakosea."

"Ndivyo."

"Basi gololi yake iliingia, na mwanamke huyu ni mwongo. Au siyo?"

Kwenye benchi la nyuma Bibi Penda, asiyesikia hata neno moja, alikuwa ameinua shingo akimkodolea Jainaba macho, vilevile kama juu ya pazia. Jainaba alimwangalia yeye, si wakili. Akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia.

"Shahidi ajibu kwa mdomo," akasema jaji.

"Nitajibu, mheshimiwa. Nimeanza na ninayepaswa kumwomba radhi. Kengele niliyosikia ilikuwa ya baiskeli ya mume wangu. Bibi huyu amesema kweli. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Jaji aliamuru kura irudiwe kituoni kwetu. Saikou alitozwa faini, Jainaba akavuliwa usimamizi, nami, niliyenyamaza kuliko wote, nikapewa kiti chake. Dunia haina haya.

Siku ya marudio Jainaba alipanga foleni kama sisi wote. Zamu ya Bibi Penda ilipofika, kengele ililia ndani ya pipa, safi kabisa. Nilimwitikia. Hakutoka. Nikaitikia tena kwa nguvu, hadi shingo ikaniuma. Bibi alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, akimtafuta mtu kwenye foleni. Jainaba akamwitikia mara moja, na bibi akatoka.